Wimbi la Kijapani, Laki na Nusu Yangu, na Mitumbwi Iliyopotea

Nilipotea kidogo, ila leo nimerudi na mkasa uliogeuka somo. Someni msije mkalizwa kama mimi.

Mwaka jana nilihamia chumba kipya cha kupanga. Kuta nyeupe pee, utadhani wodi. Nikaingia duka moja la mapambo mjini, jina naliacha, nikakutana na ile picha ya Kijapani ya wimbi kubwa la buluu lenye povu kama makucha. Muuzaji akaniapia: "Hii orijino, braza, imetoka Japani kabisa." Nikatoa laki na nusu, nikatundika, nikaanza kutamba.

Wiki ya pili akaja mshikaji wangu. Akaitazama weee, kisha akauliza: "Mitumbwi yake iko wapi?" Mitumbwi gani tena? Tukaenda kafe, tukaifungua picha kamili. Ebo! Kumbe chini ya lile wimbi kuna mitumbwi mitatu, wapiga makasia wameinama wameng'ang'ania roho zao, na kwa mbali mlima Fuji umekaa mdogo kama kichuguu. Yangu ilikatwa ili iingie kwenye fremu ya mraba. Watu wametupwa, limebaki povu!

Sasa tuelewane kuhusu hizi picha. Wimbi lile ni kazi ya Hokusai (1760–1849), na lilitoka mnamo 1831, mzee akiwa na miaka kama 70. Hakulipaka kwa brashi ukutani. Yeye alichora kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji akaibandika karatasi hiyo kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, akachonga kwa kufuata mistari yake. Zikachongwa mbao nyingine kwa ajili ya rangi. Mchapaji akawa anapaka rangi kwenye ubao, analaza karatasi juu yake, anaisugua kwa mkono, moja baada ya nyingine. Mwenye mtaji na soko alikuwa mchapishaji.

Umenasa hapo? Ule mchoro wa kwanza huharibika wakati wa kuchonga. Kwa hiyo hakuna "ile moja yenyewe". Tangu mwanzo picha hizi zilikuwa nakala, zikiuzwa kwa watu wa kawaida wa mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, kwa bei ya kukaribia bakuli moja au mawili ya tambi. Hata mchoraji Van Gogh, alipokuwa Antwerp mwaka 1885, alizibandika kwenye kuta za chumba chake. Basi kuwa na nakala si aibu hata kidogo. Aibu ni kuuziwa nakala kwa jina la orijino.

Ili usiibiwe, kumbuka makundi matatu. La kwanza ni zile zilizochapwa enzi hizo. Machi 2023 wimbi moja la namna hiyo liliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 2.7, kwa hiyo la laki na nusu sahau. La pili ni zinazochongwa na kuchapwa upya kwa mkono. Tokyo bado wapo mafundi wa kazi hiyo. La tatu ni za printa, kama yangu. Zote halali, mradi muuzaji aseme ukweli.

Ya printa unaweza kujitengenezea. Mwaka 2017 makumbusho ya Metropolitan Museum of Art ya New York yaliruhusu picha za kazi zake zisizo na hakimiliki zitumike bure, na wimbi limo. Fuata hatua hizi:

1. Pakua faili kubwa kutoka tovuti ya makumbusho, upana wa pikseli 3,000 na kuendelea. Kile kijipicha kidogo cha kwenye utafutaji ukikikuza kinatoka vumbivumbi.

2. Picha halisi ina kama sentimita 38 kwa 26. Karatasi ya A3 ina 42 kwa 29.7. Yaani unaitoa kwa ukubwa wake wa kweli, na ukingo mweupe unabaki pande zote. Mwambie jamaa wa steshenari asivute, asikate.

3. Chagua karatasi nzito isiyong'aa. Ile ya kung'aa itakuonyesha taa na sura yako badala ya bahari.

4. Usiitundike jua linapopiga, rangi itapauka. Ukuta ukiwa na unyevu, weka vipande vya kizibo nyuma ya fremu hewa ipite. Na muulize mwenye nyumba kabla ya kupiga msumari!

Mimi nimeshaitoa upya, na pamoja na fremu haikufika elfu thelathini. Ile ya mraba nimeigeuza nyuma ya mlango. Sasa nikirudi jioni nimechoka na mihangaiko, nawatazama wale jamaa kwenye mitumbwi. Wimbi liko juu yao, lakini hakuna aliyeachia kasia. Hicho ndicho nilichokuwa nimekatiwa, wadau, si karatasi tu.

Nawasilisha. Na wewe ulishawahi kuuziwa "orijino"? Uwanja ni wenu hapo chini.