Shule za Awali Zilizozaliwa Madrasani

Shule za awali za madrasa zilianza Mombasa miaka ya 1980, kwa ombi la viongozi wa Kiislamu wa Pwani. Katika vijiji vya Waislamu vya Pwani, Majoreni ya Kwale ikiwamo, mtoto huanza masomo yake chuoni, kwa Kurani. Wengi wakiingia darasa la kwanza waliwakuta wenzao waliopita nasari wamewatangulia, na wazazi hawakutaka kulazimishwa kuchagua baina ya dini na shule. Viongozi hao waliuendea Wakfu wa Aga Khan, na mwaka 1986 shule ya kwanza ikafunguliwa Liwatoni, Mombasa. Bi Swafiya Said ndiye aliyeiongoza kazi hiyo.

Kwa wakati ule, yalikuwa mageuzi makubwa. Walimu walikuwa wasichana na kina mama wa kijiji hicho hicho, wengi bila cheti cha ualimu. Kituo cha mpango huo kiliwafundisha kazi, kisha kikawafuata hadi darasani kuwaelekeza. Mbinu ilitokana na mfumo wa High/Scope wa Michigan, Marekani: mtoto anachagua kona ya kuchezea, anacheza, kisha anawaeleza wenzake alichokifanya. Vifaa vilikuwa vya hapa hapa. Vifuu vya nazi, makombe ya baharini na vizibo vya soda vilitumika kuhesabia na kupanga. Kwa wazazi waliosoma kwa kukariri na kuogopa bakora, mtoto kuulizwa anataka kufanya nini lilikuwa jambo geni kabisa. Dini haikuachwa: dua na adabu ziliingia katika nyimbo na michezo, na watoto wa dini nyingine walipokewa pia.

Shule ilikuwa mali ya kijiji, ikiendeshwa na kamati ya wenyeji. Hapo ndipo penye sifa yake kubwa na udhaifu wake. Ada ya wakulima na wavuvi haitoshi mishahara, na mwalimu aliyekwisha kuiva huondoka akipata malipo bora.

Mpango ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, ukazaa shule zaidi ya 200. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa watoto wake walipiga hatua kubwa kuliko waliobaki nyumbani.

Tangu ugatuzi wa 2013, elimu ya awali nchini Kenya ni jukumu la kaunti. Kaunti ya Kwale, inayoendelea kujenga madarasa ya chekechea, ina la kuchukua hapa: iwalipe vizuri walimu wa kijijini, na iwafuate hadi darasani.