Mwacheni Kinda kwa Mamaye, Mfumieni Mtoto Ndege



Jamaa zetu walio Eldoret wanamfahamu korongo taji, ndege wa vinamasi na mashamba ya Uasin Gishu. Kimo chake ni karibu mita 1, shingo ni ya kijivu, na utosini ana kishungi cha rangi ya dhahabu. Uganda imemweka katikati ya bendera yake. Tangu mwaka 2012 amehesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka duniani. Vinamasi vinakaushwa vilimwe, sumu humuua, nyaya za umeme humgonga, na makinda yake huchukuliwa yakapambe nyua za watu. Kwa kawaida hutaga mayai 2 au 3 tu, na akifugwa ni nadra kuzaa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 nayo inakataza kumfuga bila kibali.

Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Masahaba safarini walichukua makinda mawili, mama yao akaja akipapatika. Mtume (S.A.W.) akaamuru arejeshewe wanawe. Imepokewa pia kwamba Bi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere, na kati yao farasi mwenye mabawa ya kitambaa, Mtume alipoelezwa habari zake alicheka. Basi mtoto anayelilia kinda asiachwe mikono mitupu: afumiwe ndege.

Fumeni kwa sufu ya kijivu kipande cha mstatili, upana shubiri moja. Kikunjeni na kukishona kiwe kiwiliwili. Shingo ni kipande chembamba cha namna hiyo hiyo. Kichwa kiwe cheusi, mashavu meupe, na kidevuni alama nyekundu. Mabawa yawe meupe, yenye ncha za kahawia. Ndani jazeni usufi, ambao jamaa wa Pwani wanaweza kuwapelekea. Kwa kishungi, kateni nyuzi za manjano urefu wa kidole, mzifunge moja moja utosini. Macho yatariziwe kwa uzi, wala yasiwe vifungo, kwani mtoto mdogo huving'oa akavimeza. Miguu isukwe kwa uzi mweusi pasipo waya.

Mtoto akitaka kumwona aliye hai, mpelekeni ukingoni mwa kinamasi atazame kwa mbali, na wa sufu akiwa mkononi mwake. Wote wawili watarudi kila mmoja kwao.