Moyo na Mtima: Ukoo wa Maneno Mawili

Katika usemi wa kila siku Mswahili anao moyo. Katika ushairi anao mtima pia. Wafasiri wengi huyachukua maneno haya kuwa kitu kimoja, na mtima ukahesabiwa kuwa pambo la washairi tu. Lugha za jamaa zashuhudia vingine.

Shina la -tima limeenea sana katika lugha za Kibantu, nalo hutaja kiungo kisukumacho damu kifuani: umutima kwa Kinyarwanda na Kibemba, omutima kwa Kiganda, ntima kwa Kikongo, motema kwa Kilingala, mtima kwa Kinyanja. Basi mshairi wa pwani hakulibuni neno hili. Amelihifadhi neno kongwe ambalo usemi wa kawaida umeliacha.

Moyo nalo ni neno la asili, yaani mu- na -oyo. Wingi wake, mioyo, waonyesha shina hilo waziwazi. Lakini katika lugha kadha wa kadha shina hili halitaji kiungo. Moyo kwa Kinyanja ni uhai. Muoyo kwa Kikikuyu ni uhai vilevile, na kiungo chenyewe huitwa ngoro. Omwoyo kwa Kiganda ni roho. Kwa Kiswahili, kama kwa Kishona, moyo ndio jina la kiungo. Maana ya uhai, kwa Mswahili, hubebwa zaidi na maneno yenye asili ya Kiarabu: roho, na huo uhai wenyewe.

Hata hivyo, Kiswahili hakikukata ukoo kabisa. Aliyekufa moyo hazikwi. Damu yake yatembea kama kawaida, ila imemtoka nguvu ya kutenda. Anayepewa moyo hapewi kiungo. Misemo hii yakaribiana mno na maana ya Kinyanja na ya Kikikuyu.

Jambo hili si la udadisi mtupu. Mnyanja aambiwaye kwa Kiswahili kwamba moyo wa mwanawe una ugonjwa aweza kudhani ni uhai unaotajwa, kumbe tabibu asema juu ya mtima. Naye mtunga kamusi aandikaye "mtima: moyo" kisha akanyamaza hakukosea maana; ameuficha ukoo. Yafaa aongeze mstari mmoja wa asili, ili msomaji ajue kwamba neno alidhanilo la washairi ni la mamilioni ya wasemaji wa bara.