Hekima ya Mungu Haikatazi Maswali

Tunaulizwa sana: kama hekima ya Mungu hulinda, mbona ndugu zetu waliangamia Shakahola? Kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400, wakiwemo watoto wengi, ilifukuliwa katika msitu huo wa Malindi. Walionusurika walieleza kwamba walifundishwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu.

Yakobo, sura ya 1, anatufundisha kwamba Mungu hamkaripii anayemwomba hekima. Basi mhubiri ni nani hata akatae kuulizwa? Akisema mtoto atolewe shuleni, mgonjwa asipelekwe hospitali, shamba liuzwe na jamaa wasiambiwe, huo si uongozi wa Mungu, hata akisoma aya kumi. Yusufu kule Misri alifunuliwa kuwa njaa inakuja. Alifanya nini? Aliweka nafaka ghalani miaka 7, watu wale. (Akina mama wa Ganze wanaoweka mahindi ya kikundi wanamwelewa vizuri.)

Kwa hiyo mwanachama akiacha ghafla kuja mkutanoni, mtembeleeni wiki hiyo hiyo, mkaulizie na watoto. Mkikuta amehama kimyakimya, mwambieni mzee wa kijiji na chifu siku hiyo.