Kazi za KQ Zikivuka Mpaka, Sheria Yetu Iko Wapi?

Mkazi wa Nakuru hahitaji mtaalamu wa kumweleza maana ya kazi kuhamishiwa ng'ambo. Kiwanda cha betri cha Eveready kilianza kazi mjini humu mwaka 1967, na kwa miongo mingi redio za mashambani, kutoka Molo hadi Olenguruone, zilisema kwa nguvu ya betri zake zenye picha ya paka. Mwaka 2014 kampuni ikafunga kiwanda na kutangaza kwamba betri sasa zitatoka Misri, kwa kuwa kuzitengeneza hapa kulikuwa hakuleti tena faida na soko lilikuwa limefurika bidhaa za bei ya chini. Watu karibu mia moja wakapoteza ajira. Jina likabaki, picha ya paka ikabaki, maduka ya Bondeni na Kaptembwo yakaendelea kuuza betri. Kilichohama ni kazi.

Sheria haikuwa na la kusema siku ile. Unaweza kusema haikuwa na sababu ya kusema, maana Eveready haikubeba bendera ya taifa na Hazina ya Kitaifa haikuwa imeidhamini kwa mabilioni. Kenya Airways, au KQ, hali yake ni nyingine kabisa, na ndiyo maana nataka tulijadili suala lake hapa Nakuru, kilomita zaidi ya 150 kutoka karakana zake za Embakasi, Nairobi, bila kungoja wanasheria wa Nairobi watujadilie.

KQ ilipata hasara ya shilingi bilioni 25.7 katika mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2015, na bilioni 26.2 mwaka uliofuata. Mwaka 2017 deni likapangwa upya: serikali ikawa na asilimia 48.9 ya hisa, benki zilizokuwa zikiidai zikapewa asilimia 38.1, na KLM, iliyoingia kama mshirika mwaka 1996 kwa asilimia 26, ikashuka hadi 7.8. Serikali ikaongeza dhamana ya mikopo ya dola milioni 750. Hasara ya mwaka 2022 ilikuwa bilioni 38.3. Faida ilipatikana mwaka 2024, shilingi bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi, kisha nusu ya kwanza ya 2025 ikaleta tena hasara ya bilioni 12.2. Mkulima wa viazi wa Mau Narok ambaye hajawahi kupanda ndege amechangia dhamana hiyo kila aliponunua dizeli. Anayo haki ya kuuliza: ndege zikihitaji kutengenezwa, nani anazitengeneza, na wapi?

Swali la mahali pa karakana ni la zamani kuliko KQ yenyewe. Shirika la East African Airways, lililoanza mwaka 1946, lilikuwa na makao makuu na karakana zake Nairobi. Tanzania na Uganda zililalamika kwa miaka kwamba mashirika ya pamoja yameziacha ajira na ujuzi upande wa Kenya. Uganda ilipata shule ya urubani ya Soroti, lakini nyundo na bisibisi zilibaki Embakasi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na KQ ikaundwa Januari mwaka huo, Kenya ilianza na mafundi waliokwisha kuiva, huku majirani wakianza karibu na sifuri. Wenzetu walituonea wivu, na walikuwa na sababu. Inashangaza kwamba nchi iliyofaidika hivyo haikuwahi kuandika sheria ya kuulinda urithi huo.

Tuangalie basi sheria tulizonazo. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi kwa sababu za kibiashara akiarifu chama chao na afisa wa leba mwezi mmoja kabla, achague wa kuondoka kwa haki, na alipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Piga hesabu: fundi aliyekaza skrubu za ndege miaka 20 anaondoka na malipo ya siku 300, miezi kumi tu. Katiba, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa haki kazini. Hizo ndizo silaha. Zinasimamia namna ya kumwachisha mtu kazi. Hakuna hata moja inayosema kazi yenyewe ibaki wapi.

Kesi ya mwaka 2012 iliweka wazi pengo hilo. KQ ilitangaza kupunguza mamia ya wafanyakazi, na chama cha wafanyakazi wa anga, AAWU, kikaenda mahakamani kikilalamika pia kwamba kazi zinapewa kampuni za kandarasi. Mahakama ya Viwanda iliamuru 447 warudishwe. Julai 2014 Mahakama ya Rufaa ikaifuta amri ya kuwarudisha. Jaji David Maraga, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu, alieleza kwamba ilani ya kifungu cha 40 imewekwa ili pande mbili zipate nafasi ya kujadiliana namna ya kuepusha au kupunguza kuachishwa kazi. Ni maelezo yenye busara. Lakini hata yakifuatwa neno kwa neno, mwajiri aliyejadiliana vizuri bado anaweza kuitoa kazi yote nje.

Kazi nyingine huondoka pamoja na mtu mwenyewe. Wakati wa misukosuko ya 2015 na 2016, KQ ilikodisha Boeing 777 zake kwa Turkish Airlines na Boeing 787 mbili kwa Oman Air. Mafundi nao wakaanza kutafutwa na mashirika ya Ghuba yenye mishahara ambayo Embakasi haikuweza kuifikia. Novemba 2017 waliobaki waligoma kudai malipo bora, na kampuni ikawafuta zaidi ya mia moja kwa kugoma kinyume cha sheria. Nalitaja hilo kwa uchungu. Fundi wa ndege hapatikani kwa kutangaza nafasi gazetini Jumatatu na kumwajiri Ijumaa.

Anayedhani natia chumvi aangalie kazi yenyewe. Katika karakana ya ndege kila kifaa kina mahali pake kwenye sanduku au ubaoni, pamechorwa umbo lake, ili spana ikikosekana pengo lionekane mara moja. Zamu ikiisha vifaa huhesabiwa. Kimoja kikipotea, ndege haitoki hadi kipatikane, kwa sababu kinaweza kuwa kimesahaulika ndani ya bawa au karibu na nyaya za usukani. Kisha fundi mwenye leseni, aliyeidhinishwa kwa aina hiyo hasa ya ndege, anatia sahihi kwamba iko salama kuruka. Sahihi hiyo ni yake binafsi. Kuifikia kunahitaji masomo, mitihani na miaka ya kufanya kazi chini ya macho ya waliotangulia. Kijana wa Njoro anayejiunga na chuo cha usafiri wa anga cha Embakasi anaweza kufaulu kila karatasi, lakini bila karakana yenye ndege halisi za kuzifanyia mazoezi, cheti chake kitabaki cheti.

Ni lazima niseme pia yale ambayo hayawezekani. Injini kubwa za ndege hufanyiwa ukarabati mkuu na karakana chache duniani, zenye mitambo na vibali vya waliozitengeneza. Mwaka 2025 tuliona gharama ya utegemezi huo: Boeing 787 tatu kati ya tisa za KQ zilikaa chini kwa uhaba wa injini na vipuri, na hesabu za kampuni zikaingia tena kwenye wekundu. Hakuna bunge linaloweza kuamuru injini hizo zitengenezwe Embakasi kesho. Ila ukaguzi wa kila siku, ukaguzi mkubwa wa mwili wa ndege, matengenezo ya viti, magurudumu na breki, hizo ni kazi ambazo mikono ya Kenya imezifanya kwa miaka mingi. Hizo ndizo za kulindwa.

Na serikali inaweza. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya, KCAA, ndiyo inayoidhinisha karakana yoyote, ya hapa au ya nje, kabla haijagusa ndege yenye usajili wa Kenya. Marekani ilipotudai viwango vya juu zaidi vya usalama, nchi ilijipanga hadi ikapewa daraja la kwanza Februari 2017, na tarehe 28 Oktoba 2018 KQ ikaruka moja kwa moja hadi New York. Mdhibiti aliyeweza hayo kwa ajili ya usalama anao uwezo wa kupewa wajibu wa pili: kuweka kumbukumbu ya kila kazi inayopelekwa nje, na sababu yake.

Nchi nyingine zimejaribu. Canada ilipobinafsisha Air Canada mwaka 1988 iliandika ndani ya sheria kwamba shirika litadumisha vituo vya matengenezo Winnipeg, Montreal na Mississauga, miji ikitajwa kwa majina. Baadaye kazi hiyo ikawa mikononi mwa kampuni nyingine, Aveos, iliyofungwa Machi 2012 na kuwaacha zaidi ya watu 2,500 bila ajira. Mahakama za Quebec ziliona kwamba Air Canada imevunja sheria. Kisha, mwaka 2016, Bunge likailegeza sheria yenyewe. Australia nayo ilitunga sheria ya Qantas mwaka 1992 ikitaka kitovu cha shughuli zake za kimataifa kibaki nchini. Haikuzuia kila kitu, lakini wafanyakazi 1,820 wa uwanjani walipoondolewa mwaka 2020 na kazi yao kupewa wakandarasi, walishinda kwa kutumia sheria ya ajira hadi mahakama ya juu kabisa, na Agosti 2025 Qantas ikatozwa faini ya dola za Australia milioni 90, mbali na fidia ya milioni 120. Faini kama hiyo ndiyo inayomfanya mkurugenzi afikiri mara mbili.

Karibu nasi zaidi, Ethiopia haikuhitaji kifungu cha sheria. Shirika lake, mali ya serikali tangu 1945, lilijenga chuo chake na karakana zake Addis Ababa, na leo mashirika mengine ya Afrika hupeleka ndege huko kutengenezwa. Kwao matengenezo ni biashara inayoleta fedha. Sisi tulikuwa na mwanzo kama huo mkononi.

Wapo watakaosema masharti yataiua KQ. Wakulima wa maua wa Naivasha, ambao waridi lao likikatwa asubuhi huwekwa chumba cha baridi na kupakiwa kwenye lori la kwenda uwanja wa ndege wa JKIA, wanachotaka ni ndege inayofika kwa wakati na nauli ya mizigo inayovumilika. Nawaelewa. Ndege ikichelewa, ua linapoteza bei Amsterdam, na kibarua wa Karagita anapoteza siku. Lakini ndege zilizolala chini mwaka 2025 hazikulazwa na mafundi wa Kenya wala na sheria ya ajira. Karakana yenye watu wa kutosha hapa nyumbani ni kinga ya ratiba, na mwenye maua ndiye wa kwanza kuihitaji.

Hofu yangu kubwa ni usiri. Machi 2019 wafanyakazi wa JKIA waligoma kupinga mpango wa KQ kuchukua uendeshaji wa uwanja. Septemba 2024 walirudi kugoma dhidi ya mpango wa kuukabidhi kwa kampuni ya Adani ya India kwa miaka 30, ambao wananchi waliujua baada ya hati kuvuja. Rais William Ruto aliufuta Novemba 21 mwaka huo. Mara zote mbili wafanyakazi waligoma kwa kuwa masharti kuhusu ajira hayakuwa yamewekwa mezani mapema.

Serikali imekuwa ikisema inatafuta mwekezaji mkubwa wa kuingia KQ. Wabunge wa Nakuru, kuanzia Naivasha hadi Kuresoi, wana kazi ya kufanya kabla mwekezaji huyo hajatia sahihi. Sheria itaje Embakasi kwa jina kama kituo cha matengenezo ya mwili wa ndege. Ieleze idadi ya wanagenzi wa kufunzwa kila mwaka. Iilazimishe KQ kuwasilisha bungeni, kila mwaka na hadharani, orodha ya kazi na matengenezo yaliyopelekwa nje pamoja na gharama zake. Iweke faini inayouma, na dhamana ya Hazina isitolewe tena kwa shirika lililovunja masharti hayo. Ewe msomaji, mbunge wako akija kwenye baraza, muulize amesimama wapi katika hilo, na umtake ajibu mbele ya watu.