Kifafa Huanzia Kwenye Ubongo

Mwaka 1870, mjini Berlin, Gustav Fritsch na Eduard Hitzig waligusisha nyaya zenye umeme hafifu kwenye gamba la ubongo wa mbwa, na mguu wa upande wa pili wa mwili ukachezacheza. Baadhi ya mbwa waliendelea kutikisika hata umeme ulipokatwa, mpaka wakashikwa na kifafa kamili. Mbwa wale hawakulogwa. Seli za ubongo hupashana habari kwa umeme, na kundi moja likichokozwa kupita kiasi hulipuka kwa pamoja na kuziburuta jirani zake. Mwaka 1969 Graham Goddard na wenzake walionyesha kwamba hata umeme mdogo, ukirudiwa siku baada ya siku ndani ya ubongo wa panya, mwishowe huleta kifafa.

Katika wilaya za Mbulu na Hanang nchini Tanzania, mchokozi mmojawapo wa seli hizo ni lava wa tegu wa nguruwe. Mtu hupata tegu tumboni kwa kula nyama ya nguruwe mwenye lava isiyoiva, kisha hutoa mayai kwa kinyesi. Pasipo choo, nguruwe anayezurura huyala, na binadamu huyameza kupitia maji, mboga au mikono michafu; lava huanguliwa na kuweza kufika kwenye ubongo. Kwa hiyo hata asiyekula kitimoto hayuko salama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta lava katika ndimi za asilimia 17.4 ya nguruwe waliokaguliwa wilayani Mbulu. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, picha za CT zilionyesha alama za lava hao katika ubongo wa karibu mgonjwa mmoja kati ya sita wa kifafa waliopigwa picha. Lava anapokufa, kinga ya mwili humshambulia; uvimbe na kovu vinavyobaki huchokoza seli kama ulivyofanya waya wa Berlin.

Yupo atakayesema mbwa wa maabara si mtu wa Mbulu. Ni kweli, lakini utafiti wa mwaka 2016 uliwanasa kwa kamera nguruwe wa Tanzania, walioambukizwa lava wa tegu bila kuguswa na waya wowote, wakipatwa na kifafa. Mwingine atauliza kuhusu wagonjwa wengi wasio na lava. Baadhi yao wana wachokozi wengine: jeraha la kichwa, uzazi mgumu, homa ya uti wa mgongo. Vyanzo ni vingi, njia ni ile ile. Tena mlipuko huo hautoki kwenye fuvu la mgonjwa kumwingia mwingine, wala povu lake haliambukizi kifafa. Tujenge vyoo, tupike nyama ikaive, mgonjwa apate dawa kila siku. Na akiangukia jikoni, atakayekuwa karibu amtoe motoni bila kuogopa kumgusa.