Ugomvi wa ofisi uliotikisa Makerere

Aprili 2016, mtafiti Dkt. Stella Nyanzi alivua nguo mbele ya kamera katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, akilalamika kufungiwa ofisi na mkurugenzi wake.

Chanzo? Jambo la kawaida mno vyuoni: nani afundishe. Mkurugenzi, Profesa Mahmood Mamdani, alimtaka afundishe kwenye programu ya uzamivu. Nyanzi akashikilia kwamba aliajiriwa kufanya utafiti.

Swali hilo hujibiwa kwa kuusoma mkataba, tena na mtu asiye na upande. Bosi anapokuwa mlalamikaji, hakimu na mwenye funguo kwa pamoja, hata akiwa na haki, nani atamwamini? Chuo kiliunda kamati ya uchunguzi, ila video ilikuwa imeshasambaa.